Makochi ya mninga na uchakavu wa madaha

Nilipotea kidogo, na si kwa kupenda. Msimu wa pamba ukifunguliwa mwandishi wa Shinyanga halali: leo mkulima analalamikia mizani, kesho mnunuzi analalamikia mchanga aliouziwa ndani ya pamba. Leo naiweka pamba pembeni (ingawa itarudi, mtaona) nizungumzie makochi. Ndiyo, makochi. Wale mnaoamini kwamba mwandishi wa habari lazima aandike siasa tu, someni kwanza, mnilaumu baadaye.

Kuna mtindo wa kupamba nyumba ambao vijana wenzangu wa mjini wanautaja siku hizi kila wakipata chumba na sebule. Unaitwa shabby chic. Kwa Kiswahili changu cha haraka haraka nimeuita uchakavu wa madaha. Mwenye tafsiri bora ailete. Picha zake ziko Instagram tele. Utaona meza ambayo rangi imebanduka pembezoni mpaka mbao inachungulia. Utaona kabati la zamani lililopakwa rangi nyeupe, makochi yaliyovishwa vitambaa vyeupe vilivyokunjamana kama shuka la mtu aliyeamka sasa hivi, mapazia ya maua yaliyofifia, na taa ya vioo ya kuning'inia darini iliyopungukiwa na vipande viwili vitatu. Kila kitu lazima kionekane kimerithiwa kutoka kwa bibi, hata kama bibi mwenyewe alifariki bila kumiliki stuli.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiwepo wa kusema nimezunguka. Kununua kitu kipya ukakikwangua ili kionekane kimezeeka ni upuuzi, na kwa nchi kama hii ni upuuzi ghali. Lakini chini ya upuuzi huo kuna jambo la maana ambalo mama zetu walilijua bila kuambiwa na mtu: kitu kigumu hakitupwi, kinafunikwa, kinatengenezwa, kinaendelea. Ubaya ni kwamba sisi watoto wao, tuliosomeshwa kwa pesa ya pamba na ng'ombe, ndio tunaowaaibisha mpaka wanakiuza kwa bei ya kuni.

Kwanza mjue mtindo wenyewe ulikotoka. Jina lilipata umaarufu kwa mama mmoja Mwingereza, Rachel Ashwell, aliyefungua duka lake Santa Monica, California, mwaka 1989, akaliita hivyo hivyo, Shabby Chic. Alikuwa akinunua samani kuukuu kwenye magulio ya vitu vya mitumba, anazisafisha, anazipaka rangi nyeupe, na makochi anayavisha vifuniko vya pamba vinavyovuliwa na kufuliwa. Vifuniko hivyo ndivyo vilivyompatia jina, maana mwenye watoto na mbwa alielewa mara moja faida yake. Mwaka 2004 bidhaa zake zikaingia kwenye maduka makubwa ya Target kule Marekani, na mwaka 2009, uchumi wa dunia ulipoyumba, kampuni yake ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Baadaye ilirudi sokoni. Mtindo wenyewe haukutikisika, ulishakuwa wa watu wote.

Lakini mzizi uko nyuma ya huyo mama. Uko kwenye nyumba kubwa za mashambani Uingereza, za familia za kale ambazo fedha ilipungua lakini jina likabaki. Ndani ya nyumba hizo kochi lilififia kwa jua la miaka hamsini na hakuna aliyejali, kwa sababu kila mgeni aliyeingia alijua lile ni kochi la nani. Kule kununua samani mpya ndiko kulikokuwa aibu, maana ni kukiri kwamba hukurithi kitu.

Ukilielewa hilo umeelewa kila kitu. Uchakavu unapendeza ukiwa wa mtu ambaye jirani anajua angeweza kununua kipya. Tajiri akivaa suruali yenye viraka tunasema kapendeza. Akiivaa kibarua wa mgodini tunamwonea huruma, na suruali ni ile ile.

Sasa niwapeleke Kolandoto, kwa sababu huko ndiko mawazo haya yalikonipata, wala si California.

Kolandoto, kwa wasioijua, ni kata ya Manispaa ya Shinyanga. Ukitoka mjini kuelekea Mwanza, unaipita kabla ya kufika Maganzo na mgodi wa almasi wa Mwadui. Ndipo inapochepuka barabara ya Lalago, inayokwenda mpaka Mwanhuzi. Wengi wanaijua kwa hospitali ya AIC, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, na kwa chuo cha afya kilichoko hapo. Ni mahali pa wagonjwa, wanafunzi wa uuguzi, mama ntilie, bodaboda, na vumbi. Na ni mahali anapoishi mama yangu mdogo.

Mama mdogo ana seti ya makochi ya mwaka 1988. Marehemu baba mdogo alikuwa dereva wa lori la pamba, na mbao za mninga alizipata kwa safari za upande wa Ushirombo, enzi msitu ulikuwa bado karibu na barabara. Fundi akazichonga hapo hapo Kolandoto: kochi refu moja, mafupi manne, meza ya katikati, na kabati la vyombo lenye milango ya vioo. Hakuna msumari kwenye viungo. Kila mbao imechongwa ncha ikaingia kwenye tundu la mwenzake, ikapigiliwa kijiti na gundi. Nimekulia likizo zangu zote juu ya makochi hayo. Sponji zimelala kama chapati za jana, na kitambaa kimepauka mpaka huwezi kusema kilikuwa chekundu au kahawia. Mikono ya makochi imeng'aa kwa jasho la wageni wa miaka zaidi ya thelathini. Juu ya yote hayo kuna vitambaa vya kufuma vya mama mdogo mwenyewe, njano na kijani, kumi na viwili kwa idadi, kila kimoja na duara lake kama jua.

Niambieni, Rachel Ashwell angeingia pale si angelia kwa furaha?

Mwaka huu binti wa mama mdogo, mdogo wangu wa pekee wa kike, amepata mchumba, kijana wa Kahama mwenye shughuli zake kwenye dhahabu. Wazee wa kijana wakatuma taarifa kwamba wanakuja kuzungumza mahari. Mnaojua posa ya Kisukuma mnajua kinachofuata: ng'ombe. Basi mama mdogo akanipigia simu usiku, akaniambia anauza makochi yote pamoja na kabati. Mnunuzi ameshampata, anayepita na gari dogo la mizigo akiulizia vitu vya kale. Amempa Sh 80,000 kwa mzigo wote. Seti mpya ameiona dukani mjini Shinyanga, Sh 1,200,000, na pesa itatoka kwenye mkopo wa kikundi chao cha akina mama, ailipe kila wiki.

Nilipanda daladala kesho yake asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunikataza?"

"Nimekuja kuuliza tu, mama."

"Uliza ukiwa umekaa," akasema, akanionyesha kochi. Nikakaa, nikazama mpaka magoti yakakaribia kidevu. "Unaona? Sasa mweke hapo mzee wa watu kutoka Kahama, mwenye kiuno kibovu. Akizama hivyo atanitajia ng'ombe wangapi? Wewe una shahada, chumbani kwako ukiweka ndoo ukaikalia watu watasema msomi ana mambo yake. Mimi nikiweka ndoo watasema mjane hana kitu."

Nimehoji wakuu wa wilaya, nimehoji wabunge, sijawahi kujibiwa vizuri hivyo. Nawaombeni nyote mnaopenda uchakavu wa madaha mlipime neno hilo. Mama mdogo hakusoma habari za nyumba za mashambani Uingereza, lakini amekisema kile kile nilichowaeleza hapo juu, tena kwa ufupi: uchakavu ni haki ya mwenye chaguo. Kumwambia mjane wa Kolandoto kwamba makochi yake "yana mvuto wa kale" ni kumtukana, kama hujampa jibu la wazee wa Kahama.

Na tusijidanganye kuhusu Kahama. Dhahabu ya ukanda ule, Bulyanhulu, Geita, na machimbo madogo madogo yasiyohesabika, imeleta namna yake ya kupamba nyumba. Darini jipsamu yenye ngazi tatu na taa za rangi zinazobadilika. Sakafuni vigae vinavyong'aa mpaka mtoto anateleza. Sebuleni kochi la kona lenye umbo la herufi L, ambalo limetolewa plastiki nusu na nusu nyingine imebaki ili watu wajue ni jipya. Simcheki mtu. Mchimba dhahabu aliyelala miaka mitano kwenye turubai ana haki ya kutaka kitu kisichokuwa na historia. Lakini mjue kwamba hicho ndicho kipimo watakachokuja nacho wakwe.

Basi nikafanya ninachojua kufanya, nikauliza maswali. Nikaenda dukani mjini, nikaomba kuipindua ile seti ya milioni moja na laki mbili. Muuzaji hakupenda, lakini niliipindua. Chini ya kitambaa kizuri cha kung'aa kulikuwa na fremu ya zile mbao za unga, maranda yaliyogandishwa kwa gundi, zimeshikiliwa kwa pini kama karatasi za ofisini. Mbao ya namna ile ikilowa inavimba kama mkate kwenye chai, na kiungo chake kikilegea hakikazi tena, maana skurubu haina pa kushika. Mama mdogo angemaliza mkopo na kochi likiwa tayari linalia kila mtu akikaa. Mninga ni mti mwingine kabisa. Mchwa wanauheshimu, haupindi ovyo, na rangi yake inazidi kukolea kadiri unavyozeeka. Ule ulioko sebuleni Kolandoto leo huupati tena kirahisi, kwa sababu miti ya ukubwa ule imekatwa, na ya Shinyanga yenyewe iliisha zamani sana kabla sijazaliwa. Wenye umri mkubwa wanaukumbuka mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 kurudisha uoto na ngitili kwenye mkoa uliokuwa umebaki kama kiwanja cha mpira. Ndani ya mkoa wenye historia hiyo, kuuza kabati la mninga kwa bei ya gunia chache za mkaa, ndugu zangu, ni msiba.

Yule mnunuzi naye nikampata. Ni kijana mchangamfu, hakunificha kitu. Akaniambia vitu vile anavipeleka Mwanza, vingine vinaendelea Dar es Salaam, vinavuliwa rangi na kitambaa, vinakuwa meza na viti vya hoteli na vya nyumba za "watu wanaopenda vya zamani". Nikamuuliza kabati la vioo la namna ile analiuza kiasi gani. Akacheka. Nikamuuliza tena, akasema, "Mwandishi, wewe andika tu kwamba linauzika." Sina ugomvi naye. Ananunua anachouziwa. Ugomvi wangu uko kwa sisi tuliowafundisha mama zetu kwamba kuukuu maana yake ni takataka, wakati mtu wa hotelini anajua kwamba kuukuu maana yake ni mbao ngumu.

Wala jambo hili si geni. Wapwani waliliona kabla yetu. Milango ya kuchonga ya Zanzibar na ya miji ya mwambao iling'olewa na kusafirishwa mpaka sheria ikaingilia: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa upande wa Bara, inataja kabisa milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa ni vitu vinavyolindwa. Mpaka leo Zanzibar na Lamu kuna mafundi wanaotengeneza meza, vitanda na fremu za vioo kwa mbao za majahazi yaliyokufa, rangi ya bluu na nyekundu ya jahazi ikiachwa pale pale inavyobanduka. Watalii wanagombania. Huo ndio uchakavu wa madaha wa kwetu hasa, na siupingi, kwa sababu mbao ile ilichakaa yenyewe baharini, haikukwanguliwa na mtu.

Sisi Wasukuma na ndugu zetu Wanyamwezi tuliona kitu cha namna hiyo kwenye viti. Kiti cha mtemi kilikuwa kitu kizito. Kipo kimoja maarufu cha Unyamwezi, chenye mgongo mrefu na umbo la mtu lililochongwa nyuma yake, ambacho kilichukuliwa enzi za Wajerumani na kiko kwenye makumbusho Berlin. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na vitu vya watemi vingepotea vyote kama si watu wachache waliovikusanya, akiwemo Padri David Clement pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Ukienda kwenye Makumbusho ya Wasukuma utakuta jengo zima lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Nilipokuwa nasoma SAUT, Nyegezi, tulipelekwa siku moja. Wenzangu wengi walipiga picha na chatu.

Na wale wanaosema kupamba nyumba ni mambo ya wazungu, waulizeni habari za Bayeye, chama cha wacheza nyoka wa Usukuma. Kuta za nyumba zao za mafunzo zilichorwa nyoka, watu na wanyama kwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, aliziandikia kitabu kilichotoka London mwaka 1953. Kuta zenyewe zilikuwa za udongo, mvua imekwisha kuzila. Kisha mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji, familia zikahamishwa, na kilichobebeka ndicho kilichobaki: kigoda, kinu, chungu, kibuyu cha maziwa. Ndiyo maana nyumba nyingi za kwetu hazina kabati la bibi. Bibi hakupewa nafasi ya kuwa nalo. Aliye nalo anapaswa kulishika kwa mikono miwili.

Kwa ukutani kwenyewe, tulipamba kwa tulichopata. Kalenda za miaka iliyopita, picha ya Mwalimu, na magazeti yaliyobandikwa kwa uji wa muhogo kuzuia vumbi la udongo. Mimi hapa, pamoja na shahada yangu, makala yangu iliyosomwa na watu wengi zaidi ni ile niliyoikuta imebandikwa kwenye ukuta wa mgahawa mmoja njia ya Lalago, juu chini. Imekaa pale mwaka wa pili sasa. Mhariri wangu hajawahi kunipa heshima ya namna hiyo.

Turudi kwa mama mdogo, maana wakwe walikuwa njiani na mimi nilikuwa sijatoa jibu. Nilikwenda kwa fundi seremala wa hapo hapo, mzee wa miaka sitini na kitu. Akaja, akayapindua makochi, akayagonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Akasema viungo viwili tu ndivyo vimelegea. Kazi ya kukaza, kupiga msasa na kupaka vanishi, Sh 120,000 kwa makochi yote. Sponji mpya nzito kwa yote, Sh 260,000. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya meza ya kizungu iliyokwanguliwa kwa makusudi, nikamuuliza kama anaweza. Akaitazama muda mrefu.

"Hii imeungua?"

"Hapana mzee, ndiyo mtindo."

"Ninaweza. Lakini kuharibu bei yake ni kubwa kuliko kutengeneza. Kutengeneza nitajisifia kwa watu. Kuharibu itabidi nijifiche."

Likabaki suala la kitambaa, na hapa ndipo ile pamba inaporudi kama nilivyoahidi. Nilipendekeza vifuniko vyeupe vya pamba nzito, vya kuvua na kufua, kama vya yule mama wa California. Jina la kitambaa cha namna hiyo tunalo sisi wenyewe tangu zamani: marekani. Babu zetu walikiita hivyo kwa sababu kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, miaka ya 1830 na kuendelea, kikapandishwa na misafara ya wapagazi mpaka Unyamwezi na huku kwetu, kikawa nguo na kikawa fedha. Leo tunalima pamba sisi, sehemu kubwa inatoka nje ikiwa bado nyuzi, kisha tunafundishwa na Wamarekani uzuri wa kochi lililovikwa marekani. Ukifikiria sana utaumwa kichwa.

Mama mdogo akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nyeupe? Kolandoto? Kwa vumbi hili? Na alikuwa na hoja. Miaka ya nyuma nyeupe ingekuwa wazimu, kwa sababu maji yalikuwa ya ndoo na foleni, na mwenye akili hatumii ndoo ya kupikia kufulia kochi. Tangu mradi wa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele ulipozinduliwa mwaka 2009 hali ya Shinyanga ilibadilika sana. Kwa mama mdogo bomba liko uani, ingawa siku nyingine linakohoa tu. Nikamwambia kitambaa cha rangi nyeusi kina vumbi lile lile, tofauti ni kwamba hulioni, na kilichopigiliwa pini hakifuliki mpaka kife. Hicho cha dukani chenye kung'aa utakifuta kwa kitambaa chenye maji kila siku, na uchafu unazama kwenye sponji. Cheupe unakivua Jumamosi, unakiloweka, unakianika, Jumapili baada ya kanisa kiko kwenye kochi. Akakaa kimya. Akauliza mita ni shilingi ngapi. Nilijua nimeshinda nusu.

Nusu tu. Kwa sababu hesabu ilipofanyika, fundi, sponji, kitambaa na cherehani vilifika karibu Sh 500,000, na mimi mshahara wangu mnaujua, au kama hamuujui ukisieni kisha mpunguze. Nilitoa laki mbili. Kikundi kikamkopesha laki mbili, mkopo wa kulipika. Laki moja iliyobaki ilipatikana kwa kuuza kabati la vyombo. Ndiyo, lile la vioo. Nilibishana, nikashindwa, lakini angalau hakuliuza kwa bei ya kwanza. Yule kijana mchangamfu alipokuja alikuta tumeshapima mbao na tumeshauliza bei ya mninga mjini. Alitoa Sh 150,000 kwa kabati peke yake, karibu mara mbili ya alichokuwa akitoa kwa mzigo wote, na akalipakia haraka bila kulalamika sana. Hapo mtu yeyote anajua bado alipata faida.

Kwa hiyo wewe kijana mwenzangu unayesoma hapa, mwenye mama au bibi anayetaka "kubadilisha sebule" kwa sababu ulimwambia siku moja kwamba sebule yake imepitwa na wakati: kabla hajauza, pindua kochi. Tazama chini. Kama ni mninga, mkora au mvule, mwite fundi kwanza, mnunuzi baadaye. Na kama ni wewe unayetaka huo mtindo wa picha za simu, huna haja ya kukwangua kitu. Nenda gulioni, kwenye marobota ya mitumba, utakuta mashuka ya maua yaliyofifia ya bibi wa Kiingereza halisi, yaliyofika hapa yakiwa yamekwisha kuchakaa kwa uaminifu. Nenda kwa jirani anayehama. Lipa bei ya haki, usimpe mtu Sh 80,000 kwa mti wa miaka mia.

Makochi yamerudi kwa mama mdogo Jumatano. Mninga umeng'aa, sponji zimekaza, vifuniko vyeupe vimenyooka, na kwa dakika kama kumi sebule ile ilikuwa inafaa kupigwa picha ya gazeti la nje. Nikatoa simu. Mama mdogo akasema subiri, akaingia chumbani, akatoka na vitambaa vyake vya kufuma, njano na kijani, vimefuliwa na kupigwa pasi. Akavitandika juu ya vile vyeupe, kimoja kimoja, vyote kumi na viwili. Kisha akaweka maua ya plastiki katikati ya meza.

"Mama, hivyo vyeupe vilitakiwa vionekane."

"Vitaonekana vikifuliwa," akasema. "Sasa piga."

Wakwe wanakuja Jumamosi ijayo. Shangazi ametaja ng'ombe ishirini.